Hollywood ikinunua sinema, isitupe ukweli wake

Kuna wanaosema kama sinema ya ng'ambo inakuwa nzuri zaidi ikirudiliwa Hollywood, kwani kule kuna pesa na waigizaji wenye majina. Sivyo.

Mwaka 1988, George Sluizer wa Uholanzi alitoa Spoorloos. Msichana anapotea kwenye kituo cha mafuta huko Ufaransa. Mchumba wake anamtafuta miaka 3. Mwishowe mtekaji mwenyewe anampa sharti: akitaka kujua yaliyompata msichana, akubali yampate na yeye. Anakubali. Anaamka ndani ya sanduku, amezikwa hai.

Mwaka 1993, Sluizer huyo huyo aliirudilia Hollywood pamoja na Jeff Bridges na Kiefer Sutherland. Safari hii mchumba mpya anafika, shujaa anaokolewa, mtekaji anauawa. Basi, watu wakalale.

Mtengenezaji ni mmoja, hadithi ni moja, pesa zimeongezeka. Kilichopungua ni nini? Ukweli. Yeyote aliyepotelewa na ndugu anajua namna kutojua kunavyomla mtu hadi akubali lolote. Sinema ya kwanza ilimheshimu mtu huyo. Ya pili ilimbembeleza kama mtoto.

Si kila marudio ni mabaya. The Departed ya Martin Scorsese, iliyotokana na Infernal Affairs ya Hong Kong, ilipata Oscar ya filamu bora. Lakini Scorsese aliihamishia hadithi Boston, akaipa watu wa kule, wala hakuogopa kuwaua wahusika wake wakubwa.

Kurudilia kunaruhusiwa. Kumfanya mtazamaji mjinga, hapana.