Moshi Hauondolewi kwa Amri Tupu

Wapo watu katika nchi hii waliozoea kudhani kwamba kila adha ya wananchi hukomeshwa kwa kutoa amri. Sasa wameivamia vita dhidi ya moshi wa kuni na mkaa. Wakiona magunia ya mkaa yakishushwa Mwanga au Ujiji, dawa wanayoijua ni moja: muuzaji akamatwe, mkaa utaifishwe. Fikra hizi ni potofu, na hatuna budi kuzipinga kwa nguvu ile ile tunayoupinga moshi wenyewe.

Hakuna anayebisha kwamba moshi ni adui. Mwanamke anayebanika migebuka kule Katonga, na mwenzake anayechemsha mawese kijijini, huuvuta kutwa nzima, na mtoto aliye mgongoni huuvuta pamoja naye. Moshi huo huleta nimonia kwa watoto, na maradhi ya moyo na mapafu kwa wakubwa. Milima ya ukingoni mwa Ziwa Tanganyika nayo huvuliwa miti, na mvua huteremsha udongo majini waliko samaki wanaotulisha. Kwa hiyo swali si kama moshi upigwe vita. Swali ni nani agharimie silaha.

Tujifunze kwa waliotutangulia. Huko London, Mfalme Edward wa Kwanza alipiga marufuku matanuri ya makaa ya mawe mwanzoni mwa karne ya 14. Amri ilitoka, adhabu zikatajwa, na makaa yakaendelea kuwaka, kwani kuni zilikuwa haba na ghali. Karne sita zikapita. Tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, moshi uliochanganyika na ukungu uliufunika mji huo. Makadirio ya kwanza yalitaja vifo 4,000. Wataalamu wa baadaye wametaja hadi 12,000.

Ndipo ikaja Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956. Sheria hiyo iliziwezesha halmashauri kutangaza maeneo yasiyoruhusiwa moshi, lakini haikuishia hapo. Mwenye nyumba aliyelazimika kubadili jiko alirudishiwa angalau sehemu saba katika kumi za gharama, na hazina ya serikali kuu ikabeba sehemu ya mzigo huo. Amri ya mfalme ilishindwa kwa sababu ilikuwa amri tupu. Sheria ya 1956 ilifaulu kwa sababu ilikuja na fedha mkononi.

Hapa Kigoma tunao mfano wetu. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuunganishwa hapa hapa bandarini, iliendeshwa kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipofungwa injini za dizeli. Je, gharama ya injini zile walitozwa vibarua waliokuwa wakichochea moto? La hasha! Kwa nini basi mama lishe wa Kibirizi atakiwe peke yake kulipia mageuzi ya taifa zima?

Mwezi Mei 2024, Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo ni jema. Mitungi ya kilo 6 imeuzwa kwa ruzuku, nalo ni jambo jema. Lakini mtungi mtupu haupiki ugali. Kigoma iko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kulingana na pato la siku; gesi humtaka mnyonge atoe fedha nyingi kwa mkupuo.

Kwa hiyo ruzuku iufuate mtungi hadi kwenye kujazwa tena, na umbali wa mkoa huu uhesabiwe. Gesi iuzwe kwa vipimo vidogo. Wabanika samaki na wakamua mawese wapatiwe matanuri bora kwa mkopo wenye masharti nafuu. Shule na magereza, wachomaji wakubwa wa kuni, zitangulie kubadilika kabla ya mlalahoi kufukuzwa sokoni.

Hayo yakitimizwa, atakayeng'ang'ania moshi na abanwe na sheria. Kabla ya hapo, kumwaga mkaa wa maskini ni kumwadhibu kwa umaskini wake.