Zulia la Upande wa Abiria



Wiki mbili zilizopita hatukuwa pwani. Tulialikwa Kisumu kwa darsa za baada ya Magharibi, na mwenyeji wetu alikuwa mpwa wetu, kijana aliyehamia huko kwa kazi, akaoa huko huko binti wa Kiislamu wa Kendu Bay. Watu wetu hawakuanza leo kuzuru ziwa lile. Wengi waliifuata reli iliyofika mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na baadhi yao hawakurudi tena.

Usiku wa pili, tulipokwisha kula ngege wa kukaanga, mke wa mpwa wetu alituambia: "Mjomba, tuna jambo la kukuuliza, lakini usitucheke." Tukakaa vizuri, tukidhani ni habari ya mahari au ya deni. Kumbe ni zulia la gari.

Wamekubali tuandike habari hii bila ya majina yao, kwa sababu, asema bibi, wako wengine wenye ugomvi kama huu juu ya vitu vingine.

Mpwa wetu ana gari dogo la michezo, Mazda ya viti viwili na paa la turubai la kukunja, ya aina iliyooneshwa kwanza Chicago mwaka 1989 kwa jina la MX-5. La kwake ni la mwaka 2003, la kizazi cha pili, lililoletwa kutoka Japani kabla halijapita ile miaka minane ambayo sheria ya Kenya huyaruhusu magari yaliyotumika. Uzito wake ni kama tani moja tu, na wepesi huo ndio sifa yake yote. Halikuumbwa lishinde kwa nguvu ya injini, bali lipinde kona kama mtu mwembamba apitaye sokoni.

Baada ya mvua za masika alisikia harufu ya uvundo. Akalinyanyua zulia, akakuta sponji ya chini imenywa maji kama kitambaa cha kudekia, na bati la pembeni, chini ya mlango, limeanza kuliwa na kutu. Magari haya yana vitundu vidogo nyuma ya viti vya kuteremshia maji ya paa. Vikiziba kwa majani na vumbi, maji hutafuta njia nyingine, nayo ni sakafu. Na Kisumu, wasomaji wetu, si mahali pa kuacha kitu kimelowa. Jua huwaka asubuhi, mawingu hupanda kutoka ziwani, na jioni mvua huteremka kwa ngurumo. Akang'oa mazulia yote, akachomelea bati, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Hadi hapo hatuna la kumlaumu. Aliyefunika kidonda kibichi kwa kitambaa kizuri hakutibu.

Lakini mwezi ulipita, na wa pili, na sakafu ikabaki uchi. Kwa mkewe alisema bado anaogopa kutu. Kwa rafiki zake, wale wa kuendesha pamoja Jumapili asubuhi, alisema gari limekuwa jepesi zaidi. Akawatajia Lotus Elise ya Waingereza ya mwaka 1996, iliyojengwa kwa alumini na kuachwa sehemu kubwa ya alumini hiyo wazi mbele ya macho ya dereva. Akawatajia pia Datsun 240Z zilizoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Bibi aliyasikia yote mawili, akaona kwamba kila baraza lilipewa sababu yake.

"Mimi sitaki pambo," alituambia. "Nataka kumsikia anaponisemesha."

Maneno hayo hatukuyaelewa sawasawa mpaka siku ya tatu, tulipopanda gari hilo sisi wenyewe kwenda kutoa darsa Kendu Bay. Njia hupita tambarare za Kano hadi Ahero, kisha hukata kwenda Katito na kurudi tena kuelekea ziwani. Tulijikunja tukaingia, kanzu tumeikusanya magotini, kilemba kinagusa turubai. Kufika Ahero mguu wetu ulio upande wa gia boksi ulikuwa umepata joto kama uliowekwa kando ya jiko la mkaa, kwa kuwa bati linaloifunika ndilo lililokuwa limevalishwa zulia, na sasa halina kitu. Kila kokoto iliyorushwa na tairi ililia chini ya nyayo zetu. Mpwa wetu alikuwa akitueleza jambo refu kuhusu kazi yake. Tulimwitikia kwa kichwa, na hadi leo hatujui tulikubali nini.

Bibi huyo husafiri njia hiyo kila wiki. Mama yake ni mgonjwa huko Kendu Bay. Yeye na mumewe hutoka kazini wamechoka, na mazungumzo yao ya kweli, alituambia, yalikuwa ndani ya gari: waende na hofu, warudi na faraja au na machozi. Tangu zulia ling'olewe huenda kimya na kurudi kimya, naye mumewe hakutambua, kwa kuwa yeye alikuwa akiisikiliza injini.

Hapo tukakumbuka kisa cha Jabir bin Abdillahi, radhi za Allah ziwe juu yake, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alipooa, Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alimuuliza kama wanayo anmati, yaani matandiko mazuri ya kitambaa. Jabir akajibu watayapata wapi watu kama wao. Mtume akampa habari kwamba watakuja kuwa nayo. Miaka ikapita, yakapatikana, na Jabir akawa akimwambia mkewe ayaondoe mbele yake. Mkewe akamkumbusha kwamba Mtume mwenyewe aliwabashiria. Jabir akayaacha. Sahaba yule, kwa zuhudi yake, hakuona unyonge kuacha shauri lake kwa hoja ya mkewe juu ya tandiko.

Mpwa wetu, ambaye hakosi jawabu, alisema lile lilikuwa tandiko la nyumbani, na gari ni kitu kingine. Walioshinda Safari hawakushinda kwa mazulia. Ni kweli. Lakini mwaka 1973 aliyekaa kando ya Shekhar Mehta alikuwa Lofty Drews, mtu wa kumsomea njia, aliyekuja kwa ajili ya mashindano. Hakuwa binti apelekwaye kumwona mama yake kitandani. Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 36, miongoni mwa watu tulioamrishwa kuwatendea wema ametajwa mwenzi aliye ubavuni. Baadhi ya wafasiri wamesema huyo ni mwenzako wa safari, na wengine wakasema ni mke. Mpwa wetu anaye mtu mmoja aliye wote wawili, na kiti ni kimoja.

Kisha tukataka kujua uzito wenyewe unaogombewa. Mazulia ya zamani alikuwa ameyahifadhi stoo, yamekauka. Tukayafunga kamba, tukaenda nayo Kibuye, ambako muuza omena mmoja alituazima mizani yake huku akitutazama kama watu waliopotewa. Yalikuwa kilo tisa, pamoja na sponji. Tulimwomba mpwa wetu atuambie ameongeza kilo ngapi yeye mwenyewe tangu aoe. Muuza omena alicheka zaidi yetu.

Wala hatukusema ayarudishe kama yalivyokuwa. Hoja ya maji ni hoja nzito, na ina upande wa tohara ambao akina mama wanaujua kuliko mafundi. Matope ya njiani yasiyoepukika yamesamehewa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, na samaki aliyekufa ni tohara, shombo lake ni kero ya pua tu. Lakini zulia likipatwa na mkojo wa mtoto, na nyumba ile inatarajia mtoto kabla ya Ramadhani inshallah, hapana budi kuiondoa najisi yenyewe kwanza, kisha maji yaenee mahali pote ilipofika. Zulia lililogundishwa kwa gamu juu ya sponji hulimwagii maji ila umejaza kisima. Ukiliacha una najisi, ukiliosha una kutu. (Vipi gari la viti viwili litawachukua watu watatu, hilo hatukuliuliza. Litajiuliza lenyewe.)

Basi shauri letu lilikuwa hivi. Vitundu vya maji visafishwe kwanza, na visafishwe kila kabla ya mvua, kwa waya laini usiotoboa. Zulia lishonwe upya bila ya gamu, kwa vipande vya kufungwa kwa vishikizo, ili kila kipande kitoke, kifuliwe, kianikwe, na bati likaguliwe. Juu ya gia boksi na upande wa abiria liwe nene. Upande wa dereva ni hiari yake. Akipenda kukanyaga bati, mguu ni wake.

Alinyamaza, kisha akauliza kama hilo si israfu, kushona jipya ilhali la zamani lipo. Tukamtajia Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyetundika pazia la kitambaa cha namna hiyo hiyo mlangoni. Mtume akaliteremsha, akabainisha kwamba hatukuamrishwa kuvisha mawe na udongo. Bibi Aisha akalikata, akafanya mito miwili, na Mtume hakumlaumu. Kitambaa ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kilimfaa mtu. Mkewe akasema la zamani linaweza kukatwa vile vile, na akaenda kutafuta mkasi kabla mumewe hajapata hadithi ya kujibu.

Tulipoondoka Kisumu kipande cha abiria kilikuwa kwa fundi wa viti kinapigwa ukingo. Juzi walitupigia simu wakiwa njiani kurudi kutoka Kendu Bay. Mama anaendelea, alhamdulillah, amekunywa uji. Tuliwasikia wote wawili, wakizungumza kwa pamoja, kila mmoja akimkata mwenzake maneno, na nyuma yao mlio wa tairi upande wa dereva.

Wallahu aalam.