Kadi Zilitunzwa, Mchezo Ukapotea

Mwezi uliopita, baada ya mkutano wa chama, tulikaa kunywa chai tukaanza kusimuliana katuni tulizotazama utotoni. Kila mmoja alitaja za wakati wake. Nilipotaja He-Man na Transformers, mwanachama mmoja wa mwaka wa pili alicheka akasema, "Mzee, zile hazikuwa katuni. Yalikuwa matangazo ya biashara ya nusu saa." Wote wakacheka, nami nikacheka. Lakini maneno yale nilirudi nayo nyumbani. Makala haya ni jibu langu kwake, na jibu lenyewe linaanza kwa kukubali kwamba alisema kweli.

Kwa wasionijua, nilizaliwa Mombasa mwaka 1977, na wazazi wangu wakahamia Cincinnati, Ohio, nilipokuwa na miaka sita. Kwa hiyo utoto wangu wote ninaoukumbuka vizuri ni wa Marekani ya miaka ya themanini: katuni baada ya shule, na kadi za besiboli mfukoni.

Tuanze na katuni. Mwaka 1969 televisheni ya ABC ilionyesha katuni iliyoitwa Hot Wheels, jina lile lile la vigari vya kuchezea vya kampuni ya Mattel. Kampuni iliyoshindana na Mattel ikalalamika, na tume ya serikali inayosimamia redio na televisheni ikaamua kwamba sehemu ya kipindi kile ihesabiwe kuwa ni tangazo. Baada ya hapo wenye viwanda wakaiogopa njia ile. Ulipofika utawala wa Rais Reagan, tume hiyo hiyo ikalegeza kamba, na mwaka 1984 ikafuta miongozo iliyokuwa ikiwekea mpaka matangazo katika vipindi vya watoto.

Wakati huo He-Man alikwishaingia. Sanamu zake za plastiki zilifika madukani mwaka 1982, katuni ikafuata Septemba 1983. Yaani bidhaa ilitangulia, hadithi ikaja nyuma kuibeba. Transformers walikuwa vichezeo vya kampuni ya Takara ya Japani. Hasbro ya Marekani ikavichukua, ikawapa watu wa Marvel kazi ya kuvitungia majina na tabia, na Septemba 1984 katuni ikaanza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hivi vilikuwa vizuri, na bado vilitembezwa kila siku ya shule saa tisa na nusu alasiri, mpaka sebuleni kwetu.

Hadi hapo kijana wetu ana haki. Ila anakosea anapodhani kwamba mtoto aliyekaa mbele ya televisheni alikuwa mnunuzi tu. Mimi sikuwa na sanamu hata moja ya He-Man mpaka nilipofika darasa la tatu, kwa sababu nyumbani hapakuwa na pesa ya mambo hayo. Nilichokuwa nacho ni hadithi. Mama alikuwa bado hajui Kiingereza, na kila jioni akipika aliniambia, "Haya, nisimulie leo imekuwaje." Nami nikimsimulia kwa Kiswahili, nikitafuta maneno ya upanga, ngome, mchawi na usaliti. Skeletor alimpa jina la Bwana Fuvu. Wenzangu wengi waliokuja hapa wakiwa wadogo kama mimi walipoteza Kiswahili kabla ya kumaliza shule ya msingi. Changu kilibaki, na sehemu kubwa kilibaki jikoni kwa Mama, katika habari za Bwana Fuvu. Sidhani kama Mattel walikusudia hilo.

Kuna kisa kingine ambacho vijana wengi hawakijui. Agosti 1986 ilitoka filamu ya Transformers, na ndani yake Optimus Prime, kiongozi wa upande wa wema, anakufa. Hakuuawa kwa sababu hadithi ilitaka hivyo. Sanamu za zamani zilikuwa zinaondolewa ili mpya zipate nafasi. Watoto walilia ndani ya sinema, mimi nikiwa mmojawapo, na kaka yangu ambaye mpaka leo anakana. Wazazi wakalalamika, na mapema mwaka 1987 watengenezaji wakamfufua katika katuni. Wao walidhani wanaondoa bidhaa, lakini sisi tulikuwa tumefiwa. Tangazo liliandikwa na watu wazima, lakini mapenzi tuliyatia sisi wenyewe, na hayo hayakuwa ya uongo.

Sasa nije kwenye kadi, maana huko ndiko ninakotaka kufika.

Kadi ya besiboli ni kipande cha karatasi ngumu kinachoingia kwenye kiganja. Mbele pana picha ya mchezaji, nyuma pana hesabu zake za kila mwaka. Kwa muda mrefu kampuni ya Topps ndiyo iliyokuwa karibu peke yake sokoni. Mwaka 1981 wakaingia Fleer na Donruss. Pakiti ya Topps tuliinunua chini ya nusu dola, imefungwa kwa karatasi ya nta, ndani pamoja na kadi pana kipande cha chingamu kikavu kama ubao, chenye unga mweupe. Chingamu hiyo ilikuwa ikiitia doa kadi iliyolala nayo. Hatukujali.

Tulizichezea kadi zile mpaka zikachakaa. Tulizirusha ukutani, ya nani itatua karibu zaidi na ukuta, na mshindi akabeba zote. Tulibadilishana kwenye ngazi za kanisa lililokuwa mtaani kwetu, tukabishana bei kama wachuuzi wa Marikiti. Zile za wachezaji tusiowapenda tulizibana kwenye spoki za baiskeli ili gurudumu litoe mlio wa pikipiki. Desimali nilijifunza nyuma ya kadi kabla ya kufundishwa darasani, kwa kuwa wastani wa mpigaji huandikwa kwa desimali. Hapo ndipo nilipogundua jambo la ajabu, kwamba mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi huhesabiwa hodari. Kwa mtoto mgeni aliyekuwa akikosea Kiingereza kila siku, hiyo ilikuwa habari njema.

Shujaa wetu alikuwa Eric Davis wa Cincinnati Reds, ambaye mwaka 1987 alipiga mipira 37 ya kuzunguka vituo vyote na kuiba vituo mara 50. Kadi yake moja niliibeba kwenye mfuko wa shati mpaka pembe zake zikawa za mviringo.

Kisha watu wazima wakauingilia mchezo.

Tangu mwaka 1984 kulikuwa na jarida la bei za kadi, lililoanzishwa na James Beckett, aliyekuwa profesa wa takwimu. Magazeti nayo yakaanza kuandika kwamba kadi ya zamani inauzwa kwa maelfu ya dola. Baba yangu, aliyefanya kazi zamu ya usiku na kusoma magazeti asubuhi kabla ya kulala, akaziamini habari hizo. Jumamosi moja alirudi na masanduku manne ya Topps ambayo hayajafunguliwa, kila moja lina pakiti 36. Tulirukaruka kwa furaha. Baba akainua mkono.

"Hizi hazifunguliwi," alisema. "Hizi ndizo karo zenu za chuo. Akiba haiozi."

Akaendelea kununua kwa miaka minne, kila mwezi, kwa pesa ambazo mtu mwingine angeziweka benki. Masanduku yakapangwa chini ya nyumba, juu ya mbao ili unyevu usiyafikie. Kadi zetu wenyewe tulizokuwa tukizichezea zikakaguliwa, na zile zilizosalimika zikatiwa kwenye mifuko ya nailoni. Mwaka 1989 kampuni mpya, Upper Deck, ilitoa kadi nzuri kupita zote, na ya kwanza katika orodha yake ilikuwa ya kijana Ken Griffey Jr. Kaka yangu aliipata. Haikurushwa ukutani hata mara moja. Alinionyesha akiwa ameishika kwa kucha, akairudisha kwenye plastiki. Mwaka huo mchezo wa kadi mtaani kwetu ulikufa. Watoto wote walikuwa na jarida la bei mkononi, na hakuna aliyethubutu kuzigusa kadi zake.

Kosa la Baba halikuwa ujinga. Maelfu ya wazazi Marekani walifanya vivyo hivyo, wakiwamo wasomi. Walichosahau ni kwa nini kadi za zamani zilikuwa ghali. Kadi ya Mickey Mantle ya Topps ya mwaka 1952 iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Ni adimu kwa sababu watoto walizichezea zikaharibika, na akina mama wakazitupa walipokuwa wakisafisha vyumba. Kampuni yenyewe pia ilichangia. Sy Berger, mtu wa Topps aliyeshiriki kuibuni, alisimulia kwamba mnamo mwaka 1960 walipakia katoni za kadi zilizokosa wanunuzi kwenye mashua wakazimwaga baharini. Kadi zetu za miaka ya themanini zilichapishwa kwa wingi usio na kifani, na kila mtu alizitunza. Kitu kinachotunzwa na kila mtu hakiwezi kuwa adimu.

Mwaka 1995 nilipomaliza sekondari, Baba alipakia masanduku kumi kwenye gari, tukaenda kwa mfanyabiashara wa kadi. Yule mtu hakufungua hata moja. Alituambia kwa upole kwamba anayo ya kutosha, akataja bei iliyokuwa chini ya ile aliyoitoa Baba miaka minane nyuma. Tulirudi nyumbani kimya. Mimi nikaenda kutafuta kazi ghalani. Ndiyo sababu leo mnaniona darasani na mvi zangu.

Sielezi haya ili nionewe huruma. Nayaeleza kwa sababu naona jambo lile lile likirudi. Wakati wa janga la korona watu waliofungiwa majumbani waliyarudia masanduku ya utoto wao, na bei za kadi za michezo na za Pokémon zikapaa. Mei 2021 maduka ya Target yalisitisha kuziuza kwa muda baada ya watu wazima kupigana, yakisema ni kwa usalama wa wateja na wafanyakazi. Humu chamani nimesikia wenzetu wakishauriana kadi gani wawanunulie wadogo zao "ziwe akiba". Wengine wana vichezeo vya miaka ya themanini ndani ya maboksi yasiyofunguliwa, navyo huvipiga picha tu.

Maoni yangu ni haya. Kumbukumbu za utoto si jambo la kuchekwa hata kama zilianzia kwenye tangazo, kwa sababu mtoto ana uwezo wa kukichukua kitu cha biashara na kukifanya chake. Kinachouua uwezo huo ni mtu mzima anayesema usiguse, kitapanda bei. Katuni ilituuzia vichezeo, lakini ilituachia nafasi ya kucheza. Jarida la bei lilituondolea hata hiyo. Ukitaka kuweka akiba kwa ajili ya mdogo wako, fungua akaunti ya benki. Ukimnunulia kadi, mpe na ruhusa ya kuziharibu.

Najua nitajibiwa kwamba wapo waliotajirika. Wapo, na nawapongeza. Lakini tusiwahesabu hao wachache na kuwasahau wale wengi wenye masanduku chini ya nyumba zao.

Baba sasa ana miaka 79. Kiangazi kilichopita, mtoto wa kaka yangu mwenye miaka minane aliyagundua masanduku yake akauliza ni ya nini. Baba alimtazama, akanitazama mimi, kisha akasema, "Mlete kisu." Tulifungua pakiti 36 mezani. Chingamu ya mwaka 1987 ilivunjika kama kigae, na mtoto akaiweka mdomoni kabla hatujamzuia, akaitema haraka. Baba alicheka mpaka akatoa miwani. Alisema wao Mombasa walicheza gololi, na hakuna aliyewahi kuweka gololi benki.

Jioni ile mtoto alitutaka tumfundishe kurusha ukutani. Kaka yangu alikwenda ndani akarudi na Griffey wake. Alimtoa kwenye plastiki, akamrusha, akashindwa na mtoto wa miaka minane. Hakuidai tena.

Yamebaki masanduku kadhaa. Nimeomba ruhusa ya Baba niyalete mawili kwenye mkutano wetu ujao, pamoja na katuni chache za Bwana Fuvu. Yule kijana wa mwaka wa pili akae mbele. Atanisimulia kwa Kiswahili alichokiona, nami nitamkatia pakiti ya kwanza.