ANAYEVUNJIKA KAZINI SI MVIVU

Liko neno moja ambalo mkoloni alilipenda sana kila alipomtazama mfanyakazi Mwafrika, nalo ni "mvivu". Akichelewa, mvivu. Akiumwa, mvivu. Akinyamaza baada ya kutukanwa na mnyapara, mvivu tena mwenye kiburi. Mkoloni amekwenda zake na bendera yake imeteremshwa, lakini neno lake ameliacha humu nchini, na leo latumiwa na Mwafrika juu ya Mwafrika mwenziwe. Juma hili twataka kulisema jambo hili bila kuficha, kwa kuwa linawaumiza wafanyakazi wetu na kuidhoofisha nchi yetu.

Twasema juu ya maradhi ya akili makazini. Wengi wakisikia maneno haya humfikiria mtu anayetembea barabarani akizungumza peke yake. Sisi twamfikiria pia karani asiyepata usingizi miezi mitatu kwa kumhofu mkubwa wake. Twamfikiria mwalimu mwenye darasa lililofurika watoto, muuguzi anayebaki peke yake na wodi nzima usiku kucha, dereva wa daladala ambaye hesabu ya tajiri isipotimia hurudi nyumbani mikono mitupu, na mtumishi wa nyumbani ambaye hajui Jumapili wala sikukuu. Watu hao huamka, huvaa nguo, huenda kazini na kuitikia "naam", lakini ndani wamekwisha. Huzuni isiyoondoka madaktari huiita sonona. Ni ugonjwa, una matibabu, na hautibiwi kwa barua ya onyo.

Wala jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani zilitangaza mwaka 2022 kwamba ulimwenguni siku za kazi zipatazo bilioni 12 hupotea kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi, na hasara yake ni dola trilioni 1. Mashirika hayo yalikadiria kwamba mwaka 2019 watu 15 katika kila 100 wenye umri wa kufanya kazi walikuwa na maradhi ya akili ya namna fulani. Basi tajiri mwenye watu 100 ambaye husema "kwangu hakuna mgonjwa wa namna hiyo" aangalie vizuri. Yamkini wapo, ila wanamwogopa.

Na kwa nini wanamwogopa? Hapa yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, J. C. Carothers, ambaye aliwahi kuiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika, nacho kilichapishwa na Shirika hilo hilo la Afya Duniani. Alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo wa mbele, tena akasema kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Maana yake ni nini? Mwafrika hana mawazo ya kumlemea, basi mtwike tu. Mafundisho ya namna hiyo ndiyo yaliyompa bwana shamba na meneja raha ya kulala usingizi.

Waafrika wenyewe waliyajibu. Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianza mwaka 1954 kuwatibu wagonjwa wa Aro, karibu na Abeokuta, wakikaa vijijini pamoja na jamaa zao, na wengi waliweza kufanya kazi huku wakitibiwa. Uchunguzi alioufanya pamoja na wataalamu wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1963, ulionyesha kwamba sonona ipo kwa Waafrika kama ilivyo kwa watu wengine. Baadaye, mwaka 1973, Lambo alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Hoja ya Carothers ilikwisha kuzikwa na wataalamu. Yasikitisha kwamba bado inatembea katika maofisi yetu, ikivaa suti na kusema Kiswahili.

Sheria zetu zasemaje? Tanzania Bara inayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo yasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma wala 9 kwa siku, na hata pamoja na saa za ziada mtu asizidi saa 12 kwa siku. Yatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Yatoa pia likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika muda wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ugonjwa ni ugonjwa, uwe wa mguu au wa akili, maadamu cheti cha daktari kipo. Lakini ni wafanyakazi wangapi watathubutu kumpelekea meneja cheti kilichotoka Mirembe, Dodoma? Jina la hospitali ile, ambayo yapaswa kuheshimiwa kama hospitali nyingine yoyote, limegeuzwa kuwa tusi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nasi twaongeza: anayemlazimisha mwenziwe kuficha naye ana lake la kujibu.

Basi twawaambia waajiri, wa Serikali na wa watu binafsi, mambo tunayoyataka, nayo si mengi.

Kwanza, mpeni mtu mshahara wake siku yake. Baba mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto, ambaye mshahara wake wachelewa miezi miwili, hahitaji hotuba juu ya utulivu wa moyo. Anahitaji haki yake.

Pili, saa za kazi na likizo zifuatwe kama sheria inavyosema. Likizo si hisani ya meneja.

Tatu, matusi yakome. Jambo hili halina gharama hata senti moja. Wazee watakumbuka kwamba Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu cha 15, ulikataza kiongozi kuwa na kiburi na uonevu. Wafanyakazi wengi walikishika kifungu kile, na kati ya mwaka 1971 na 1973 viwanda kadhaa vilisimama, mara nyingi kwa sababu ya dharau za mameneja kuliko kwa sababu ya mishahara. Wengine walifukuzwa kwa kusimama hivyo. Walikwisha kujua, kabla ya wataalamu wa leo, kwamba dharau ya kila siku humvunja mtu kama mzigo wa kila siku.

Nne, wasimamizi wafundishwe kumtambua mtu anayezama, na kumwuliza kwa upole, faraghani, kabla ya kumwandikia barua. Siri ya mgonjwa iwe siri. Isiwe habari ya kunywea chai.

Tano, anayerudi kutoka matibabuni apokewe. Apewe kazi nyepesi au saa chache kwa muda, kama apewavyo aliyevunjika mkono, kisha arudi polepole katika nafasi yake. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yashauri hivyo hivyo.

Wako watakaosema: "Mkiruhusu hayo, kila mtu atajifanya mgonjwa." Twawajibu kwamba sheria yataka cheti cha daktari, na kwamba wajanja wachache wa homa hawajatufanya tuifute likizo ya homa. Wengine watasema: "Mimi ni tajiri mdogo, sina fedha za kuajiri daktari." Hatukumwomba daktari. Tumemwomba ulimi mzuri, saa za haki na mshahara wa wakati. Na kwa wakubwa wenye fedha twasema: msitupe fulana na maandamano kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, kisha tarehe 11 mkawarudisha watu kwenye zamu ya saa 14. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nanyi wafanyakazi mna wajibu wenu. Anayemcheka mwenziwe aliyelazwa kwa maradhi ya akili anamsaidia tajiri mbaya. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yalete jambo hili mezani wakati wa kujadili mikataba, kama yanavyoleta nyongeza ya mishahara. Mtu mmoja akilalamika huitwa kichaa. Tawi zima likisema, husikilizwa.

Mwisho, ndugu zetu wanachama, tuanze nyumbani kwetu. Wako miongoni mwetu wenye maduka, mashamba, mabasi na watumishi wa nyumbani. Ziko ofisi za chama zenye makarani, madereva na walinzi wanaokesha. Hatuwezi kumnyoshea kidole meneja wa kiwanda mchana, na jioni tukamtukana msichana anayetupikia. Kila mwanachama aliyeajiri hata mtu mmoja na ajiulize usiku wa leo: je, mtu wangu hupumzika siku gani? Mara ya mwisho nilimwuliza lini hali yake? Akiniambia anaumwa moyoni, nitamjibu nini?

Wazee wetu walisema "Uhuru na Kazi", na waliyaweka maneno hayo mawili pamoja kwa makusudi. Kazi inayomwondolea mtu usingizi, heshima na akili zake haina uhuru ndani yake, hata kama mwenye kuisimamia ni ndugu yetu.