Nakala ya pili iko mji gani?

TAREHE 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliteremka hadi katikati ya Goma, ikazika sehemu kubwa ya eneo la biashara na kuishia ziwani Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima huo ulilipuka tena. Safari hiyo lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege wa Goma, lakini matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara hapa kwetu Rubavu.

Tunayakumbusha haya kwa sababu akiba na deni la mama anayevusha nyanya Petite Barrière siku hizi haviko tena kwenye daftari, viko ndani ya kompyuta ya mkopeshaji.

Jibu lililozoeleka ni kwamba mashine ina diski zinazolindana. Ni kweli, na ni jambo jema. Kompyuta za biashara za ukubwa wa kati, mfano AS/400 ambayo IBM iliitoa mwaka 1988, huweza kuandika kila kitu kwenye diski mbili pacha, au kutumia mpango wa RAID-5 ambao diski moja ikifa zilizobaki huikokotoa upya. Hata hivyo, karani akifuta akaunti kwa bahati mbaya, diski pacha nayo huifuta papo hapo. Jengo likianguka, pacha wote wawili huanguka pamoja.

Ndiyo maana mashine hizo zina jonali. Kila badiliko huandikwa humo: saa, jina la mtumiaji, salio lilivyokuwa na lilivyogeuka. Umeme ukikatika katikati ya malipo, mashine husoma jonali na kujua kilichokamilika na kisichokamilika. Mafundi wakirudisha nakala ya jana usiku, jonali huwafikisha hadi malipo ya mwisho ya leo. Kwa mwizi wa ndani nayo ni shahidi mbaya.

Lakini jonali inayokaa kwenye diski zilezile, na kanda za nakala zinazofungiwa kabati la chumba kilekile, zinamlinda nani? Jonali inaweza kupelekwa kwa njia ya simu hadi mashine nyingine ya mbali, Kigali au Huye. Musanze hatuipendekezi; nayo iko chini ya volkano.

Sisi tuliorudi baada ya 1994 tunajua uzito wa karatasi iliyopotea. Wangapi walisimama mbele ya meza ya ofisi wakiwa na elimu kichwani bila cheti mkononi?

Gharama ipo, na vyama vidogo vya akiba haviwezi kuibeba kila kimoja peke yake. Viungane, vikodi mashine moja. Na mteja anayo haki ya kuuliza dirishani: nakala ya pili iko mji gani, na mara ya mwisho mlijaribu kuirudisha lini?