Miguu imegoma? Usimtafute mchawi!

Wiki hii mapenzi tuyaweke kando kidogo, tuongee habari za misuli.

Chukua kijana mzima. Jioni kapiga mpira, usiku kashindilia sahani ya wali na soda mbili, kalala fofofo. Asubuhi anataka kuinuka, wapi! Miguu haimsikii. Akili anayo, anaongea vizuri, ukimfinya anahisi, ila kusimama hawezi. Nyumbani minong'ono imeshaanza: huyu karogwa.

Taratibu jamani. Huenda ni potasiamu imeshuka, yale madini yanayoiwezesha misuli kupokea amri. Kwenye damu kawaida huwa milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Ukila wanga mwingi mwili unamwaga insulini, nayo inaitoa potasiamu kwenye damu na kuiingiza ndani ya misuli. Kwa wengi wetu haina neno. Lakini wapo waliozaliwa na hitilafu, na wapo ambao tezi ya shingo imechachamaa. Hao ndio wanaopooza kwa saa kadhaa, pengine siku nzima.

Sasa sikia hii. Moyo nao ni msuli, na kuna wazazi wetu wanaomeza vidonge vya kutuliza mapigo. Anayetumia digoksini, potasiamu ikishuka, dozi ileile ya kila siku inaweza kugeuka sumu: kichefuchefu, kuona vitu vya manjano, moyo kwenda mrama. Sotaloli nayo, potasiamu ikiwa chini, inaweza kuzusha mapigo ya kuua ghafla. Amiodaroni ina iodini tele, hivyo inaweza kuivuruga ileile tezi ya shingo. Juu ya yote, wengi wao wanapewa pia vidonge vya kukojoza, na vingi vya aina hiyo vinaiondoa potasiamu pamoja na mkojo. Ongeza siku mbili za kuharisha, hapo pabaya!

Ufanye nini? Mtu akipooza, mkimbizeni hospitali, tena na pakiti za dawa zake zote mkononi. Ulizeni kama potasiamu imepimwa na moyo umepimwa umeme wake. Akipooza upande mmoja na mdomo kwenda kombo, huenda ni kiharusi, hapo msipoteze hata dakika.

Na wewe mjuaji, usimnunulie mama vidonge vya potasiamu kienyeji. Ikizidi nayo inasimamisha moyo. Ndizi mbivu ni tamu na potasiamu inayo, ila si dawa ya mtu aliyekwisha kupooza. Wala usimwachishe dawa za moyo kwa kusoma ukurasa huu. Mpeleke kliniki, damu ipimwe, daktari aamue.

Mchawi mwacheni alale, jamani. Tukutane wiki ijayo!