Kamera ya Binti na Amana ya Kadi

Mabinti wa Kongowea wanaojifunza kupiga picha za kupamba kwa kamera ndogo za bei nafuu hulalamika kwamba picha hutoka na ukungu. Mara nyingi kamera haina ubovu. Ukumbini usiku nuru ni haba, nayo kamera huchukua muda mrefu zaidi kuipokea. Mkono ukitikisika, sura ya bibi harusi huvurugika. Bana viwiko mbavuni au egemea nguzo. Taa ya kamera isitegemewe kwa aliye mbali, kwani haifiki ila mita chache.

Zito zaidi ni kadi. Zama za studio ya Parekh hapa Mombasa, filamu ilihitaji msafishaji, na msafishaji ana macho. Leo binti apiga mwenyewe, na kamera nyingi za namna hii, tofauti na simu, hazina intaneti. Lakini picha iliyofutwa hubaki kadini mpaka nyingine iandikwe juu yake, na fundi aweza kuirejesha. Basi kila sherehe iwe na kadi yake, akabidhiwe mwenye harusi usiku uo huo. Bei ya kadi itajwe mapema, pamoja na ujira.